Wazee Wanatibiwa Bure, Nauli Je?

Swali liliulizwa na binamu mmoja wa Dar es Salaam kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, usiku, muda mfupi baada ya mama mdogo wa Singida mjini kuomba mchango wa kumpeleka shangazi kliniki ya presha. "Lakini si wazee wanatibiwa bure?" Hakukuwa na ubaya ndani yake. Hakuna aliyemjibu pia. Watu walituma walichonacho, huyu elfu kumi, yule elfu ishirini, kisha mazungumzo yakahamia kwenye kamati ya sendoff.

Mwandishi wa makala haya ni mzaliwa wa Iramba anayeishi Alta, mji mdogo wa kaskazini kabisa mwa Norwei, na swali hilo lilimkuta asubuhi akitazama nje. Mbele ya nyumba ya jirani, bibi mwenye miaka zaidi ya themanini, teksi ilikuwa imesimama kwenye theluji huku injini ikiunguruma. Dereva alishuka, akabonyeza kengele ya mlango, akampa bibi mkono mpaka kwenye kiti, akakikunja kigari chake cha kutembelea na kukipakia nyuma. Safari ilikuwa ya Hammerfest, kilomita kama 140, kwenda kuonyesha nyonga iliyofanyiwa upasuaji. Hakuna mtoto wake aliyeomba ruhusa kazini. Hakuna kundi lililochangishwa. Bibi alikuwa na mkoba wake, skafu shingoni na karatasi ya miadi.

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na makala haya hayataificha.

Alichosema binamu ni kweli kwenye karatasi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inaahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Halmashauri zimegawa vitambulisho. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee, na ukutani pamebandikwa tangazo la kuwataka watu wampishe mzee apate huduma kwanza. Yeyote aliyewahi kumshika mama yake mkono kwenye foleni ya hospitali ya serikali anajua thamani ya tangazo hilo. Si jambo dogo, na waliolipigania wanastahili shukrani.

Ila dirisha hilo lina mahali lilipo, na shangazi ana mahali anapoishi. Anaishi upande wa bondeni wilayani Mkalama, mbali na lami. Ili alifikie dirisha, anahitaji bodaboda mpaka barabara kuu, kisha Noah au basi dogo. Anahitaji wa kumsindikiza, kwa sababu macho yamepungua nguvu. Msindikizaji naye ana nauli yake na kibarua chake anachokiacha siku hiyo. Foleni ikichelewa kuisha, wote wawili wanahitaji pa kulala. Haya yote yanalipwa fedha taslimu kabla hajafungwa kipimo cha presha mkononi. Akifika, kumwona daktari ni bure, na siku nyingine dawa hakuna, anaandikiwa karatasi akanunue duka la dawa. Mama mdogo, ambaye kwa mambo ya ugonjwa ndiye mweka hazina wa ukoo, anasema nusu ya kila mchango huishia barabarani.

Kwa hiyo shangazi anafanya wanavyofanya wazee wengi wa kule. Anazipunja dawa. Kidonge cha kila siku kinageuka kidonge cha siku ambayo kichwa kimegoma kabisa, ili vya mwezi mmoja vifike miezi miwili. Presha kwa kawaida haiumi, na mgonjwa asiyesikia maumivu ni vigumu kumshawishi auze kuku wawili kwa ajili ya nauli. Matokeo yake kila ukoo wa Singida unayajua: mzee ameamka asubuhi, mdomo umepinda, mkono mmoja haunyanyuki, na watu wanaanza kubishana kama ni kiharusi au ni mkono wa mtu.

Norwei nayo haina uchawi. Ina ofisi ya umma inayoitwa Pasientreiser, yaani safari za wagonjwa, na kanuni yake ni nyepesi kueleweka. Anayelazimika kusafiri kwenda kutibiwa hurudishiwa nauli kwa kiwango maalumu kilichowekwa. Asiyeweza kupanda basi kwa sababu za kiafya, au anayeishi mahali pasipo na basi, hupangiwa teksi au gari maalumu. Mgonjwa huchangia kiasi kidogo kwa kila safari, na mchango huo hujumlishwa na ule anaolipa kwa daktari. Jumla ikifika kikomo cha mwaka, ambacho mwaka 2024 kilikuwa kroner 3,165, haendelei kulipia huduma hizo hadi Januari. Kwenye umbali unaoishinda teksi kuna ndege. Ndege ndogo za Widerøe hutua kwenye viwanja vifupi vya mkoa wa Finnmark, na miongoni mwa abiria wake wamo wagonjwa wanaokwenda Tromsø, kwenye hospitali kubwa ya chuo kikuu, wakiwa na tiketi waliyolipiwa na huduma ya afya.

Maana yake ni kwamba safari imehesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Aliyepanga bajeti ya nyonga ya yule bibi alipanga pia atakavyofika mahali pa kuonyeshea nyonga. Nyumbani safari ni ya familia, tiba ni ya serikali, na mzee anasubiri katikati.

Na huko Alta wengi hawalazimiki hata kutoka. Asubuhi, magari madogo ya halmashauri yanapita mitaani, na ndani yake wamo wauguzi na wasaidizi wao, wengine wakiwa wahamiaji kutoka Eritrea, Ufilipino na Somalia. Wanaingia nyumba hadi nyumba: huyu anafungwa kidonda, yule anasaidiwa kuvaa soksi za kubana miguu, mwingine anapimwa sukari. Huduma hiyo ya uuguzi wa nyumbani hailipiwi. Dawa za wazee wengi hufungwa kwa mashine katika vipakiti vidogo vilivyounganika kama mkanda mrefu, kila kipakiti kikiwa kimeandikwa jina la mgonjwa, tarehe na saa, na ndani yake mna vidonge vyote vya saa hiyo. Mzee anachana cha asubuhi, anachana cha jioni. Shangazi, ambaye hutambua dawa zake kwa rangi na huchanganyikiwa kila kiwanda kikibadilisha rangi, angekipenda sana kitu hicho.

Tangu mwaka 2001 kila mkazi wa Norwei ana haki ya kuwa na daktari wake maalumu, ambaye jina lake limeandikwa kwenye orodha. Ndiye anayejua mzee huyu ana figo dhaifu na yule mumewe amefariki mwezi uliopita.

Isidhaniwe lakini kwamba kule umbali umekwisha. Alta ina watu zaidi ya elfu ishirini na haina hospitali kamili. Hospitali iko Hammerfest, na wakazi wamelalamikia jambo hilo kwa miaka mingi, wameandamana, wamesaini maombi. Barabara ya kwenda huko inapita kwenye uwanda wa juu uitwao Sennalandet, ambako upepo na theluji ya majira ya baridi huifunga njia, na magari huvushwa kwa msafara nyuma ya gari la kuondoa theluji. Mzee wa Kautokeino, kwa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, ana safari ndefu maradufu. Madaktari hawapendi kukaa vijiji vya mbali, kama vile ambavyo tabibu anayepangiwa Munguli au Mwamagembe huanza kutafuta uhamisho kabla hajafungua begi. Na anayeingia kwenye nyumba ya kulelea wazee hulipa sehemu kubwa ya pensheni yake, asilimia 75 ya kipande cha kwanza na mpaka 85 ya kinachozidi hapo. Kisha kuna upweke. Bibi wa jirani ana siku nyingi ambazo mtu pekee anayemwona ni muuguzi, na muuguzi ana robo saa. Kuhusu hilo Mkalama iko mbele, wala si kwa kidogo: shangazi hajawahi kula peke yake maishani mwake.

Mfano mkali zaidi uko Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Mji ule hautoi huduma ya kuwatunza wazee. Asiyeweza kujitunza tena anatakiwa kurudi bara. Kule wameamua waziwazi kwamba mahali fulani si pa kuzeekea, na wamewaambia watu mapema. Mwandishi amejiuliza mara nyingi kama nyumbani hatujaamua vivyo hivyo kuhusu nusu ya Singida, isipokuwa hatujamwambia mtu.

Tazama mkoa wenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,008,058 waliotawanyika kutoka bonde la Wembere hadi kwenye vichaka vya Itigi, kutoka majabali ya Singida mjini hadi mpaka wa Mbulu. Ukipanga vituo vya tiba kwenye ramani, utaona historia kabla hujaona mahitaji. Makiungu pana hospitali kwa sababu wamisionari Wakatoliki walijenga Makiungu. Iambi ina hospitali kwa sababu Walutheri walifika Iambi. Mtakatifu Gaspar iko Itigi, kwenye njia ya reli, na Kiomboi, makao ya wilaya ya Iramba, ina ya kwake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko manispaa, na majengo yake mapya yako Mandewa. Mzee aliyebahatika kuzeekea karibu na moja ya sehemu hizo ana maisha tofauti kabisa na mzee wa umri uleule, mwenye ugonjwa uleule, aliyezeekea kilomita arobaini pembeni.

Na hapa pana jambo ambalo Wanyiramba wa mashariki hawalisahau. Hospitali ambayo vijiji vingi vya Mkalama huitaja kwanza mtu akizidiwa haiko Singida hata kidogo. Iko Haydom, ng'ambo ya mpaka, wilayani Mbulu, na ilifunguliwa mwaka 1955 na misioni ya Kilutheri ya Norwei. Wanorwei walewale waliojua kuwasafirisha bibi zao walikuja kupanda hospitali porini kwa Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, na mpaka leo watu wanaikimbilia kutoka mikoa ya jirani. Ni urithi mkubwa. Ila hata wao walileta hospitali, nauli hawakuileta.

Tanzania iliwahi kulijibu swali la umbali kwa njia yake, na jibu lilikuwa kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini kwa pamoja ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Hoja ilikuwa kwamba huwezi kupeleka shule, bomba na zahanati kwa watu ambao kila mmoja ana kilima chake. Wazee wa leo wa Singida ndio vijana wa wakati ule. Walibeba milango ya tembe zao vichwani, wakajenga kwenye mistari iliyopimwa. Zahanati nyingi tulizonazo zilitokana na mkusanyiko huo, hilo lazima likubaliwe. Lakini shamba lilibaki kule, makaburi yalibaki kule, na baada ya miaka kadhaa wengi walirudi kimyakimya kwenye mahame yao, wakaanza upya kulima uwele na alizeti. Babu yake mwandishi alikuwa mmoja wao. Alisema kijijini kuna zahanati lakini hakuna malisho.

Alivunjika nyonga huko mahameni, akitoka zizini. Walimbeba kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kwa kuwa ilikuwa masika na mto umejaa, wakaishia kwa mganga wa mifupa. Mganga alimkanda kwa dawa na kumfunga vijiti. Babu hakutembea tena. Alilala kwenye ngozi, baadaye kwenye godoro lililotumwa kutoka Mwanza, akafa na vidonda vya mgongoni. Nyonga ya babu na nyonga ya bibi wa Alta ni mfupa mmoja, unaovunjika kwa sababu ileile ya uzee, na daktari yeyote wa mifupa atakwambia kwamba mzee aliyevunjika hapo anatakiwa kufanyiwa upasuaji mapema, ndani ya siku chache, ili ainuke kitandani. Siku hizo chache ndizo mkokoteni wa ng'ombe hauwezi kuzinunua.

Mwaka 2007 serikali ilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Safari hii huduma ndiyo iliyotakiwa kuwafuata watu. Kazi imefanyika, mwenye macho anaona. Lakini msafiri wa Singida anaona pia maboma: kuta zilizopandishwa kwa nguvu za wananchi, kila kaya ikitoa tofali, mawe na mchango, zikisubiri kupauliwa mwaka hadi mwaka huku mchicha pori ukiota ndani. Na hata zahanati iliyokamilika ilijengwa ikimwangalia mama na mtoto. Chanjo ipo, kipimo cha malaria kipo, kliniki ya wajawazito ipo siku yake. Mzee mwenye presha, sukari, tezi dume au mtoto wa jicho anaambiwa aende juu, kwenye kituo cha afya, kutoka hapo hospitali ya wilaya, kutoka hapo mkoa, na kutoka mkoa, Benjamin Mkapa kule Dodoma, zaidi ya kilomita 200. Kila ngazi ya rufaa ni nauli nyingine.

Tuchukue macho peke yake. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, mgonjwa akarudi nyumbani mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake. Vipo vikosi vya madaktari wa macho vinavyozunguka, na tangu 2024 madaktari bingwa wa Rais Samia wamekuwa wakipiga kambi kwenye hospitali za halmashauri, jambo ambalo wazee wamelipokea kwa furaha kubwa. Anayesikia tangazo na kuwa na kijana wa kumbeba, anaona tena. Anayeishi mbali husikia kambi ikiwa imekwisha. Anabaki akiongozwa kwa fimbo na mjukuu ambaye alitakiwa awe shuleni. Na kwa akina bibi kuna hatari nyingine inayotisha kuitaja: macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka hamsini ya kupikia kuni, au kwa ugonjwa wa trakoma, yamewaponza wanawake wazee katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, wakaitwa wachawi, wengine wakauawa kwa mapanga. Kwa bibi wa namna hiyo, umbali wa kwenda kwa daktari wa macho unaweza kuwa umbali wa uhai wenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni kuwahamishia wazee mjini kwa watoto wao. Ukoo wa mwandishi umejaribu. Baba mkubwa alichukuliwa Kimara ili awe karibu na kliniki yake Muhimbili, akapewa chumba, televisheni na binti wa kumpikia. Presha ilishuka. Yeye mwenyewe alinyong'onyea. Hakuwa na mbuzi wa kuhesabu jioni, hakuwa na mtu wa kusalimiana naye kwa Kinyiramba, na mvua za kwanza zilipotangazwa redioni alianza kufunga mizigo. Alirudi kupanda uwele. Watoto walikasirika, wakaona hana shukrani. Lakini Norwei yenyewe, yenye nyumba za wazee zenye joto na lifti, mwaka 2023 ilipeleka bungeni mpango mzima unaohusu jambo moja, wazee waendelee kuishi salama nyumbani kwao. Nchi tajiri imefika pale ambapo baba mkubwa alikuwa ameanzia. Tofauti ni kwamba inamfuata huko anakotaka kukaa.

Hata lugha ina sehemu yake. Katika maeneo ya Wasami wa Norwei, sheria inampa mgonjwa haki ya kuhudumiwa kwa Kisami, na Karasjok pana kliniki ya Wasami. Shangazi anajua Kiswahili cha sokoni na cha kanisani. Maumivu anayajua kwa Kinyiramba. Muuguzi kijana aliyetoka Mbeya au Kagera, mwenye moyo mzuri kabisa, anamuuliza "unajisikiaje?", na shangazi anajibu "salama". Msindikizaji asiyekuwepo ni mkalimani asiyekuwepo.

Na wale wasio na watoto wa kubishania? Manyoni, pale Sukamahela, ambapo wengine hupaita katikati ya nchi, serikali inaendesha makazi ya wazee wasiojiweza. Historia yake inahusu watu waliougua ukoma na kubaki bila pa kurudi. Wazee wa pale wana paa, wana chakula, na wana mtu wa ustawi wa jamii anayejua majina yao. Mzee mpweke wa mahameni hana hata hicho, na mara nyingi hayumo kwenye orodha yoyote zaidi ya daftari la mwenyekiti wa kitongoji.

Sasa, kinachoumiza zaidi katika habari hii yote ni kwamba nauli ya mgonjwa si jambo geni Tanzania. Tunajua kuilipa. Mama mjamzito wa kijiji cha mbali akishikwa na uchungu usiku, au mtoto mchanga akizidiwa, ipo namba ya bure, 115, ya mpango wa m-mama. Mtu anapiga, anayepokea kwenye kituo cha mkoa anauliza dalili na mahali alipo, kisha anatuma gari la wagonjwa; kama gari halipo karibu, anampigia dereva wa eneo hilo ambaye ameandikishwa kabla, mwenye gari lake la kawaida, na dereva analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Mpango huo ulianzia Kanda ya Ziwa, na kufikia 2023 ulikuwa umeenea nchi nzima. Umeokoa akina mama. Wahandisi wa Oslo wangeujenga kwa gharama kubwa mara nyingi zaidi. Ni wazo la hapa, linafanya kazi kwenye barabara za hapa, na madereva wa hapa.

Kwa hiyo hoja ya kwamba nchi maskini haiwezi kumsafirisha mgonjwa imekwisha kujibiwa na nchi yenyewe. Kilichobaki ni kuamua nani anastahili. Mzee wa miaka 75 aliyepooza upande mmoja saa nane usiku hayumo kwenye 115. Nyonga iliyovunjika haimo. Tumeweka mstari, na wazee wako upande wa pili wa mstari huo, wakiwa na kitambulisho cha matibabu bure mfukoni.

Watasema fedha. Ni kweli, wajawazito wamesaidiwa na wafadhili na kampuni ya simu, na mzigo wa wazee ni mkubwa na wa kudumu. Basi ianzwe kidogo: kiharusi, kuvunjika mfupa, na safari ya upasuaji wa macho. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Hao wakifundishwa kupima presha mlangoni, kupeleka dawa za miezi mitatu kwa mkupuo mmoja na kuandika nani hawezi kutembea, watakuwa wamefanya sehemu kubwa ya ile kazi ya magari madogo ya Alta, kwa baiskeli. Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, mwaka 2023, na wasio na uwezo wametajwa humo. Bima ni jambo jema sana. Lakini kadi ya bima haipandi bodaboda, na kama kanuni zake hazitagusa usafiri wa wazee wa mbali, watu wa Singida mjini wataitumia na wa bondeni wataitunza kwenye sanduku pamoja na cheti cha ubatizo.

Binamu wa Dar hajajibiwa bado, na anastahili jibu la heshima. Ndiyo, wazee wanatibiwa bure, wale wanaofika.

Kwa wasomaji walioko nje wanaotuma michango kila mwezi: kabla ya kuuliza dawa ni shilingi ngapi, ulizeni zahanati iko umbali gani, nani anamsindikiza mzee, na dawa za mwezi ujao zitamfikiaje. Kama ukoo wenu una kijana mwenye pikipiki, mlipeni kwa mwezi awe na ratiba ya wazee wote wa kitongoji, si wa kwenu peke yao. Na mkirudi likizo, mkikutana na diwani au mbunge wenu kwenye msiba au harusi, mwombeni jambo moja tu: apeleke hoja ya mzee kuingizwa kwenye namba 115.